Mwangwi ulioandikwa kwa wino

Mwaka 1951 kampuni ya Decca ya London ilitoa santuri ambayo ilikuja kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Wimbo ulikuwa "Charmaine", walzi ya taratibu, yaani muziki wa kucheza wenye mapigo matatu, isiyo na mwimbaji. Okestra ilikuwa ya Mantovani, na watu walipokwenda dukani hilo ndilo jina walilolitaja. Wimbo wenyewe haukuwa mpya. Ernő Rapée na Lew Pollack waliutunga Marekani mwaka 1926 kwa ajili ya filamu ya enzi za sinema bubu, na bendi chungu nzima zilikuwa zimeshaupiga. Kwa robo karne ulikuwapo tu, kama nyimbo nyingine za zamani. Kisha ghafla ukateka redio za Marekani, kwa sababu ya jinsi fidla zilivyosikika: kama zinamwagika kutoka juu, noti moja ikiwa bado inaning'inia hewani huku ya pili ikishuka na ya tatu ikiifuata, kana kwamba okestra nzima imeketishwa ndani ya kanisa kubwa la mawe.

Karatasi za noti walizowekewa wapigaji siku ile hazikuandikwa na Mantovani. Aliyeziandika ni Ronald Binge, Mwingereza wa mji wa Derby, aliyeanzia kwenye kinanda cha sinema na akodiani za bendi za pwani. Ndani ya okestra ile kazi yake ilikuwa kupanga muziki.

Nataka kuieleza kazi ya huyu bwana kwa sababu imebeba fundo ambalo sisi wapenzi wa muziki hulipita bila kulifungua. Tukisema wimbo ni "wa" fulani, tunamaanisha nani hasa? Aliyeutunga, aliyeupanga, au aliyeupiga? Binge alikaa kila upande wa fundo hilo, na kila upande ulimlipa tofauti, kwa fedha na kwa jina.

Mtunzi na mpangaji

Aliyewahi kuimba kwaya ataelewa upesi. Mwanakwaya mmoja anakuja na wimbo mpya, anauimba peke yake mbele ya wenzake. Huo ndio utunzi: ule mstari ambao mtu anaweza kuupigia mluzi akitembea barabarani. Mwalimu wa kwaya anauchukua, anakaa nao siku mbili tatu, kisha anagawa sauti. Anaamua wapi soprano waanze peke yao, wapi besi wajibu, wapi alto washike noti moja huku wenye sauti ya tena wakipanda, wapi wote wanyamaze kabla ya kupasuka pamoja. Wimbo ni ule ule alioleta mwenzao. Lakini watu wakitoka kanisani, wengi wanachokumbuka ni pale besi walipojibu. Aliyewaweka besi pale ni mpangaji.

Kwenye okestra kazi hiyo inakuwa pana mno. Kuna wapigaji 40 hivi, na kila chombo kina tabia zake. Oboi, chombo cha kupuliza, ina sauti kavu inayopenya hata ikipigwa chini. Filimbi ikishuka sana inafifia. Fidla zinaweza kushika noti muda mrefu bila kuhitaji pumzi. Mpangaji lazima ajue hayo yote, kisha aandike kila noti ya kila mpigaji kwa mkono wake. Hata fidla wa kiti cha mwisho kabisa, kila kilicho kwenye karatasi yake kimeamuliwa na mpangaji: aanze lini, apige kwa nguvu kiasi gani, upinde uende juu au chini.

Watunzi wa simfoni hufanya kazi zote mbili wenyewe. Kwenye redio, filamu na santuri kazi ziligawanywa, kwa kuwa muda ni mfupi na nyimbo ni nyingi. Ndipo lilipozuka tabaka zima la mafundi ambao majina yao hayakufika kwa msikilizaji, ingawa masikio yake yaliwafahamu vizuri.

Uwanja wao mkubwa Uingereza uliitwa muziki mwepesi. Neno hilo linapotosha kidogo. Wepesi wake ulikuwa kwa msikilizaji. Mpigaji alitoka jasho. Ulikuwa muziki wa okestra kamili, vipande vya dakika tatu au nne, vyenye tuni inayoshikika mara ya kwanza, vilivyoandikwa kwa ufundi ule ule wa jumba kubwa la muziki. Ulipigwa kwenye majumba ya kando ya bahari wakati wa likizo, hotelini saa ya chai, kwenye sinema, na zaidi ya yote kwenye BBC. Baba yao alikuwa Eric Coates, aliyeacha kupiga viola kwenye okestra za London akajikita katika utunzi. Kipande chake "By the Sleepy Lagoon" cha mwaka 1930 ndicho kinachofungua kipindi cha BBC cha Desert Island Discs tangu 1942 hadi leo. Waingereza wa vizazi vitatu wamekua na tuni hiyo masikioni.

Kutoka Derby

Binge alizaliwa Derby tarehe 15 Julai 1910, mtaa wa wafanyakazi, katika mji ulioishi kwa reli. Utotoni aliimba kwaya katika kanisa la St Andrew, lililoitwa kanisa la watu wa reli. Nalitaja kanisa hilo makusudi. Mtoto anayeimba kila Jumapili ndani ya jengo la mawe anajifunza jambo moja kabla hajafundishwa na mtu: kwamba sauti haiishi pale mdomo unapofungwa. Inabaki juu, inazunguka, inakutana na ile inayofuata.

Alijifunza kinanda, na akiwa kijana akaajiriwa sinema. Siku zile filamu zilikuwa bubu, na kila jumba la sinema lilihitaji mpiga kinanda au okestra ndogo ya kufuatisha picha. Muziki uliochapishwa mara nyingi ulikuwa wa okestra kubwa, ilhali pale sinema kuna watu sita au saba tu. Katika hali kama hiyo lazima mmoja wao akae chini na kuandika upya: sehemu ya pembe apewe chelo, sehemu ya oboi aipige kinanda. Hakuna shule ya kupanga muziki iliyo bora kuliko hiyo. Unaandika mchana, unasikia kosa lako usiku, kesho unalirekebisha.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zikaanza kusema zenyewe. Maelfu ya wanamuziki wa sinema kote Uingereza walipoteza kazi ndani ya miaka michache. Binge aliingia kwenye bendi za majira ya joto kwenye miji ya pwani kama Blackpool na Great Yarmouth, na kwa ajili ya kazi hiyo akajifunza akodiani. Akodiani ndiyo iliyompeleka kwa Mantovani, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa na bendi iitwayo Tipica, ya kupiga tango na mitindo ya Amerika ya Kusini iliyopendwa London wakati huo.

Vita ilipokuja aliingia Jeshi la Anga, akapangiwa kuandaa burudani za kambini. Huko alifanya kazi na Sidney Torch, naye aliyekuwa amepitia kinanda cha sinema, ambaye kuanzia 1953 alisimama mbele ya okestra katika kipindi cha BBC cha Friday Night Is Music Night. Baada ya vita Mantovani alimwita Binge arudi, safari hii kama mpangaji wa okestra mpya.

Maporomoko ya fidla

Sasa tufungue kile alichokifanya kwenye "Charmaine", kwa sababu wengi waliokisifu na waliokidharau hawakukielewa.

Chukua mstari wa tuni wenye noti nne tu, ziite moja, mbili, tatu, nne. Kwa kawaida fidla zote za kwanza huupiga mstari huo pamoja: zinapiga moja, zinaiacha, zinapiga mbili, zinaiacha, na kuendelea. Hata kwenye taarabu fidla huupiga mstari mmoja kwa pamoja, kila mpigaji akiupamba kidogo kwa namna yake. Binge aliwagawa wapigaji wake wa fidla katika makundi. Kundi la kwanza linapiga noti ya kwanza na kuishika, haliiachi. Kundi la pili linapiga noti ya pili wakati la kwanza bado linavuma. Kundi la tatu linapiga ya tatu juu ya hizo mbili. Zamu ikirudi kwa kundi la kwanza ndipo linapoachia noti yake ya zamani na kushika mpya.

Hakuna hata kundi moja linalopiga wimbo. Ukimwendea mpigaji mmoja na kumwomba akupigie sehemu yake, utasikia noti chache ndefu zisizo na maana, hatua kubwa kubwa zinazoruka hapa na pale. Wimbo unatokea hewani tu, wote wakiwa pamoja. Na kwa kuwa kila noti inaendelea kulia nyuma ya zinazoifuata, sikio linadanganyika: linasikia mwangwi. Ndiyo sababu ya jina ambalo watu waliipa mbinu hiyo, fidla za maporomoko, kama maji yanayoanguka kwenye mwamba.

Studio ya kurekodia haina mwangwi wa kanisa. Wahandisi wa kizazi kilichofuata wangebonyeza kitufe na mwangwi ungetokea. Binge aliuandika kwa wino. Maana yake okestra iliweza kuupeleka popote, kwenye jumba kavu la mji mdogo, kwenye studio yenye mazulia, na bado ukasikika, kwani ulikuwa ndani ya noti zenyewe. Mashine haikuhusika.

Mbegu ya wazo hilo ilikuwa ya zamani. Aliitoa kwa Claudio Monteverdi, aliyeongoza muziki wa kanisa la San Marco, Venice, kuanzia 1613 hadi alipofariki mwaka 1643. Watunzi wa kanisa hilo waliandika huku wakilihesabu jengo kama chombo mojawapo. Walijua sauti ya upande huu itakutana na ile ya upande wa pili chini ya kuba. Binge aliligeuza hilo: kwa kuwa jengo halipo, wapigaji wawe jengo. Na bosi wake Mantovani, kwa nasibu tu, alizaliwa Venice mwaka 1905 kabla baba yake, mpiga fidla, hajaihamishia familia Uingereza.

Nimesikia watu wakiuita muziki huo wa lifti na wa sebuleni. Kupenda au kutopenda utamu wake ni suala la mtu binafsi, na mimi mwenyewe siwezi kusikiliza santuri nzima ya mtindo huo kwa mkupuo mmoja. Lakini tatizo alilolitatua lilikuwa gumu kwelikweli, na alilitatua kwa kalamu na kwa wapigaji wale wale waliokuwapo.

Nani analipwa

Hapa ndipo fundo linapokaza. Wimbo ukiuzwa kwenye santuri au kupigwa redioni, hakimiliki inamtambua mtunzi na mchapishaji wake. Uingereza chama cha kukusanya mirabaha ya upigaji wa muziki kimekuwapo tangu 1914, na kazi yake ni kuhakikisha kila tuni inapopigwa hadharani fungu linamfikia aliyeitunga. Mwenye okestra naye ana mkataba wake na kampuni ya santuri. Kwa hiyo kila nakala ya "Charmaine" ilipouzwa, Rapée na Pollack, au warithi na wachapishaji wao, walikuwa na chao, na Mantovani alikuwa na chake.

Mpangaji wa wimbo wa mtu mwingine alikuwa mahali pabaya. Kwa desturi ya kazi ile alilipwa mara moja, ujira wa karatasi alizoandika. Santuri ikiuza elfu au milioni, karatasi ni zile zile. Na mbinu haina hakimiliki. Sheria inalinda tuni, maneno, na mpangilio fulani ulioandikwa. Hailindi namna ya kufanya sauti isikike. Mtu hawezi kusajili mwangwi. Basi baada ya 1951 okestra nyingine zilianza kuwagawa wapigaji wao wa fidla vivyo hivyo, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa.

Ndani ya okestra yenyewe mbinu ile iligeuka kuwa alama ya Mantovani. Wapangaji wengine, kama Cecil Milner, waliendelea kuitumia kwa miaka mingi. Mantovani akawa miongoni mwa wanamuziki wa Uingereza waliouza santuri nyingi kuliko wote katika Marekani ya miaka ya 1950. Sisemi alimdhulumu mtu. Aliongoza okestra nzuri, alijua wasikilizaji wake, na alimpa Binge nafasi ambayo wengi wasingempa. Mpangilio wa kazi wenyewe ndio uliokuwa hivyo. Umma hununua jina lililo juu ya jalada.

Binge alichoka. Alitaka kuandika tuni zake mwenyewe, na katika miaka ya 1950 mwanzoni akaacha kazi ya kupangia wengine. Wengi wangesema ni wazimu kuondoka wakati okestra iko kileleni. Mimi naona ndio uamuzi uliokuwa na akili kuliko yote katika maisha yake: alihamia upande wa fundo ambao sheria inauona.

Serenada iliyobadilishwa jina

Kipande chake kinachojulikana kuliko vyote kilikuwa tayari kimeandikwa. Mwaka 1951 okestra ya Mantovani ilipokipiga mara ya kwanza kilikuwa na jina la kimya kimya tu, "Andante cantabile", ambalo kwa Kiitaliano ni maelekezo kwa mpigaji: mwendo wa kutembea, kwa namna ya kuimba. Kwenye karatasi za awali alizoandika kwa mkono wake kuna jina jingine tena, "The Man in the Street", yaani mtu wa kawaida wa mtaani.

Februari 1952 mfalme George VI alifariki. Binti yake alikuwa Kenya, amelala kwenye hoteli ya mtini ya Treetops katika msitu wa Aberdare, na ni huko alikokuwa alipogeuka kuwa malkia bila yeye mwenyewe kujua. Uingereza, iliyokuwa bado inagawa chakula kwa mgawo wa vita, ilijipa moyo kwa kuzungumzia "enzi mpya ya Elizabeth", ikikumbuka ile ya malkia wa karne ya 16. Binge akakiita kipande chake "Elizabethan Serenade". Sauti haikubadilika hata noti moja. Jina likabadilisha kila kitu ambacho msikilizaji alikihisi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapa pana jambo la kusimama. Mwaka ule ule wa 1952, mwezi Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya, na msitu ule wa Aberdare ukawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1954 Treetops ilichomwa moto. Enzi mpya iliyosikika tamu kwenye fidla za London haikusikika hivyo kwa waliokuwa kwenye kambi za vizuizi. Hilo halimfanyi mtunzi kuwa mwovu, wala serenada kuwa mbaya. Ila utamu wa kipande kile una anwani na tarehe, nao ulikuwa utamu wa watu fulani.

Kipande kikaenda mbali. Mwaka 1957 kilishinda tuzo ya Ivor Novello, tuzo kubwa ya watunzi Uingereza. Mshairi Christopher Hassall akakiwekea maneno. Ujerumani kilivuma sana kwa sauti za kwaya ya Günter Kallmann. Halafu mwaka 1970 kikatokea kisichotarajiwa: Boris Gardiner wa Jamaika akakigeuza kuwa rege, akakiita "Elizabethan Reggae", na kikapanda hadi nafasi ya 14 kwenye chati ya Uingereza. Tuni ni ile ile ya Binge, lakini besi na gitaa la kukatakata vimeishika na kuipeleka Kingston, mji mkuu wa Jamaika, nchi iliyokuwa koloni la malkia huyo huyo hadi 1962. Nakala za kwanza za santuri hiyo zilitoka na kosa: jina la Byron Lee liliandikwa mahali pa Gardiner.

Tazama sasa jinsi hali ilivyogeuka. Safari hii Binge ndiye mtunzi. Kila rege ile ilipopigwa, tuni ilikuwa yake kisheria. Na aliyeivisha nguo mpya, aliyefanya vijana waicheze miaka 19 baada ya kuandikwa, jina lake lilikosewa kwenye karatasi ya santuri.

Muziki wa mabaharia

Mwaka 1963 Binge aliandika walzi nyingine, "Sailing By". Filimbi na fidla zinapanda na kushuka taratibu kama mashua kwenye maji yasiyo na upepo mkali, na sehemu zake zinajirudia. Ukiisikiliza kwa makini utaona haiendi popote. Inayumba tu.

Sifa hiyo ndiyo iliyoipa maisha marefu. Kwenye Radio 4 ya BBC, utabiri wa hali ya hewa kwa mabaharia wa usiku husomwa saa sita na dakika 48, na "Sailing By" hutangulia. Utabiri wenyewe unaandaliwa na idara ya hali ya hewa kwa niaba ya wakala wa usalama wa baharini. Unataja maeneo 31 ya bahari kuzunguka visiwa vya Uingereza, Viking, Dogger, Fisher, German Bight na mengine, kila mara kwa mpangilio ule ule, ukisema upepo unatoka wapi, una nguvu gani, mvua ikoje, na mtu anaona umbali gani. Maneno yote hayazidi kama 380, kwa hiyo hakuna salamu wala maelezo.

Kwa nini muziki kabla yake? Baharia aliye gizani, redio yake ikikoroma, anazungusha kitufe akitafuta kituo. Akikutana na mazungumzo, hawezi kujua ni kituo gani. Akikutana na walzi ile ameshafika, na ana dakika ya kutafuta kalamu. Tuni inayojirudia inatambulika popote utakapoikuta, mwanzoni, katikati au karibu na mwisho. Kipande chenye hadithi, chenye mlima na bonde, kisingefaa kwa kazi hiyo. Binge hakukiandika kwa ajili ya mabaharia wa redio. Aliandika kitu chenye umbo safi, na umbo likakuta kazi. Rekodi inayotumika ni ya okestra ya Alan Perry na William Gardner.

Watu wasiowahi kupanda mashua hulala na muziki huo. Hilo nalielewa kabisa.

Kwa nini ulinyamaza

Binge alikuwa na kipindi chake BBC, String Song, kilichodumu kuanzia 1955 hadi 1963. Aliandika "The Watermill" ya mwaka 1958, oboi ikiimba juu ya fidla zinazozunguka kama gurudumu la kinu cha maji. Kwangu hicho ndicho kipande chake kizuri kuliko vyote, kwa sababu hakina hata tone la sukari la ziada. Mwaka 1956 aliandika koncheto ya saksafoni ya alto, yaani kipande cha saksafoni hiyo ikisindikizwa na okestra, na wanafunzi wa saksafoni bado wanaipiga. Baadaye akaandika simfoni. Kwa bendi za matarumbeta aliandika "Cornet Carillon", ambamo korneti nne zinapokezana na kushikilia noti kama kengele za mnara wa kanisa. Utaona ni wazo lile lile la fidla za maporomoko, limehamia kwenye shaba.

Lakini uwanja ulikuwa unafungwa. Ili kuelewa, lazima ujue kanuni moja ya redio ya Uingereza ambayo haikujulikana sana na wasikilizaji. BBC, kwa makubaliano na kampuni za santuri na chama cha wanamuziki, iliruhusiwa kupiga santuri za dukani kwa saa chache tu kwa siku. Lengo lilikuwa kulinda ajira: muda uliobaki lazima ujazwe na watu wanaopiga studioni. Ndiyo maana kulikuwa na okestra nyingi za redio, na okestra nyingi zinahitaji vipande vingi vifupi, na watu wa kuvipanga. Kando yake kulikuwa na maktaba za muziki, kama ile ya Chappell iliyoanzishwa wakati wa vita, zilizorekodi muziki usiouzwa dukani kwa ajili ya redio, filamu na televisheni, na rekodi hizo hazikuhesabiwa kwenye zile saa. Muziki mwepesi uliishi kwenye nafasi hiyo kati ya kanuni na uhitaji.

Miaka ya 1960 vijana walitaka santuri zenyewe, wasikie sauti ya Beatles na si okestra ya redio ikipiga nyimbo za Beatles. Meli zenye vituo vya redio, zilizotia nanga nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza, zilianza kuwapigia muziki huo usiku na mchana. Septemba 1967 BBC ilifunga Light Programme, idhaa iliyokuwa nyumba ya muziki mwepesi tangu 1945, na kuigawa kuwa Radio 1 na Radio 2. Kanuni ya saa za santuri yenyewe iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakati huo okestra nyingi za redio zilikuwa zimeshavunjwa. Nadhani tunakosea tunaposema muziki mwepesi ulikufa kwa sababu watu waliuchoka. Wengine waliuchoka, ndiyo. Lakini ulikuwa muziki uliolishwa na ajira, na ajira ilipoondoka hakuna aliyebaki wa kuupiga.

Binge alifariki Ringwood, Hampshire, tarehe 6 Septemba 1979, akiwa na miaka 69. Kwa sheria ya Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo tuni zake zitaendelea kuwa mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2049. Mwangwi wa fidla haumo kwenye hesabu hiyo.

Usiku wa leo mtangazaji wa Radio 4 ataangalia saa yake. Kipindi kilichotangulia kikichelewa kuisha, walzi itapata sekunde chache tu. Kikiwahi, itapigwa zaidi. Ikifika saa sita na dakika 48 ataififisha walzi hiyo, popote ilipofika, na kuanza kusoma: Viking, North Utsire, South Utsire.